Moto Mdogo Chini ya Mbao za Magitaa

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri kwanza. Sikuandika mnionee huruma, wala sikuandika mseme bibi alikuwa hodari. Nimeandika kwa sababu mwanitazama mkijiuliza kwa nini karakana imefungwa na mimi ni mzima, natembea, nala, naona. Mwataka kujua fundi wa magitaa anaachaje kazi na mikono yake bado yashika. Nitawaambia tangu siku ya kwanza. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo msitafute humu maneno ya vitabu.

Siku ya kwanza sikuajiriwa kutengeneza magitaa. Niliajiriwa kuchunga moto.

Kwetu Mtongwe kila jiko la kuni lilikuwa na uchaga juu yake. Uchaga ni dari ya fito, yapangwa juu ya mafiga, na hapo ndipo mama zetu walipoweka mahindi ya mbegu, moshi uyakaushe na wadudu wasiyaguse. Msichana wa Kidigo alifundishwa moto wa uchaga kabla hajafundishwa kupika. Ni moto mdogo, wa kutwa, usiopanda wala usiokufa. Ukipanda, mbegu zaungua. Ukifa, zaota ukungu.

Jirani na sisi alihamia mzee mmoja mtu wa mjini, mtengenezaji wa magitaa, tuliyemwita Fundi Mkuu. Yeye shida yake ilikuwa hewa. Hewa yetu ya pwani ina maji ndani yake. Ubao ukiuacha hivi hivi wainywa hewa ile na kuvimba. Ukija kupelekwa bara penye ukavu, wakonda, na ukikonda hali umeshagundishwa, hauna pa kwenda ila kupasuka. Na mbao za gitaa ni nyembamba, ukiziinua juani waona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Basi Fundi Mkuu alipita kwetu kuomba kaa la moto, akayaona mahindi ya mama juu ya uchaga, akasahau kaa.

"Bi mkubwa," akamwambia mama, "nipa binti yako huyu anilindie mbao."

"Mbao zina miguu? Zitakwenda wapi?"

"Zitakwenda motoni, bi mkubwa. Ndiyo maana nataka mwenye kuujua moto."

Asubuhi yake nikaenda. Alikuwa ameshazipanga mwenyewe juu ya uchaga: mwerezi wa nyuso, ndio ubao wa mbele wa gitaa, mninga wa migongo, na vipande vya mpingo vya shingoni, pale vidole vinapokanyaga nyuzi. Akanionyesha mmoja baada ya mmoja, huu aliununua kabla hajaoa, ule kabla sijazaliwa. Kisha akaniambia neno ambalo sikulisahau.

"Hapo juu pana umri wangu wote. Zikishika moto usihangaike na maji. Wewe kimbia, na usirudi kuniambia. Nitaona moshi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Hofu yangu ya kazi hii ilianzia hapo, kwenye kigoda, nikitazama cheche moja ikiruka.

Jiko lile lilikuwa na masharti yake. Hapakaangwi kitu, kwa sababu mafuta yakiurukia ubao gundi haishiki. Hapachemshwi kitu sufuria wazi, kwa sababu mvuke ukipanda kazi ya mwezi mzima yarudi nyuma. Kila chungu kina kifuniko, na kifuniko kina jiwe juu yake. Nikipika wali wa Fundi Mkuu nilikuwa kama mtu anayeficha kitu.

Nilipokuwa nimeshazoea, akaanza kuniita mezani. Alishika uso wa gitaa kwa vidole viwili kwa juu, ukaning'inia, akaniambia, "Gonga."

Nikagonga kwa kifundo cha kidole.

"Wasikia nini?"

"Nasikia ubao, Fundi."

"Basi hujasikia kitu. Rudi motoni."

Nikarudi motoni muda mrefu. Kila alipokata uso mpya aliniita nigonge, na kila mara nilirudi motoni. Mpaka siku moja nikagonga nikasema, "Huku walia, huku umelala." Hakunisifu. Alichukua randa, akaparua kidogo upande ule uliolala, akasema, "Gonga tena." Ukalia wote. Akasukuma kigoda kwa mguu. "Keti."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Nikajifunza kukunja mbavu za gitaa kwa bomba la moto, ubao umeloweshwa, wausukuma polepole mpaka ukubali. Nikajifunza kupiga mataruma, yaani vijiti vinavyogundishwa ndani ya uso kuukaza, tuliviita hivyo kwa kuwa vyafanana na mataruma ya chombo cha baharini. Na nikajifunza desturi yake kubwa kuliko zote. Gitaa likishatiwa nyuzi halitoki. Latundikwa ndani, chumba anachokaa fundi, na fundi alisikilize. Nyuzi zavuta kwa nguvu ya mtu mzima, na kama kuna kosa uso wapasuka katika siku zile za mwanzo. Mlio wenyewe ni mdogo, kama mtu avunjaye kijiti cha meno. Ta! Basi. Kazi yote imekwenda.

"Mteja asiusikie mlio huo kwake," Fundi Mkuu alisema. "Usikie wewe."

Nikawa naishi nikisikiliza.

Baadaye nilichukuliwa kazi Changamwe, kwenye karakana kubwa ya samani iliyokuwa na upande wa magitaa. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Msimamizi, mtu wa haraka, kalamu sikioni. Kule mbao zilikaushwa kwa tanuri la umeme, zaingia mbichi na kutoka ngumu kama mkate wa juzi.

"Bwana, hizi nje zimekauka, ndani zina maji. Zataka moshi wa polepole," nikamwambia.

"Mama, sisi hapa twatengeneza magitaa, hatufukizi ubani."

Nilipewa stoo ya magitaa yaliyokwisha, niyafute vumbi kabla ya kusafirishwa bara. Ilipoingia kaskazi na joto lake, nikawa nasikia humo ndani. Ta! Nikakimbia kumwita.

"Huyo panya," akasema.

"Panya hapasui mwerezi, bwana."

"Basi ni panya fundi. Mpe kazi."

Wenzangu wakacheka mpaka wakashika meza. Magitaa yakaenda bara, na yakarudi karibu yote, nyuso zimefunguka. Msimamizi hakusema lolote juu ya tanuri. Alituamuru tuyavunje yawe kuni ili yasionekane pale uani. Nikapewa shoka. Kutwa nzima nikapasua vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, vingine yangu, na kila pigo lilikuwa mlio ule ule niliofundishwa kuuogopa. Tangu siku ile mlio ule ulihamia kichwani. Nikivuka feri nausikia. Nikiwa msibani, watu wamenyamaza, nausikia.

Nikaacha Changamwe, nikaolewa, nikarudi Mtongwe. Fundi Mkuu alikuwa mgonjwa wa kitandani. Akaniita, akaniambia mbao zilizobaki nizichukue.

"Hizi ni amana," akasema. "Tumia, na kila utakapotoa, tia nyingine mahali pake. Moto usife chini yake. Waniahidi?"

"Nakuahidi, Fundi."

Ahadi uliyompa mtu anayekwenda kaburini haina wa kukupunguzia. Nikamwambia mume wangu, Mungu amrehemu, ajenge jiko lenye uchaga, na karakana ubavuni mwake. Nikazipandisha mbao, nikawasha moto. Moto ule nimeuchunga ujana wangu wote na uzee wangu. Nimezaa watoto chini ya mbao zile. Nimefunga chini yake, nikafuturu chini yake. Mwanangu Athumani alikua bila kuonja kitu kilichokaangwa nyumbani kwao. Alipooa, mkaza mwana wangu, Mwanasiti, siku ya kwanza alitia kikaango mekoni, nikakiondoa bila neno. Hakukirudisha.

Msidhani nalalamika. Magitaa yangu yalikwenda mbali na hayakupasuka. Sikuona kuwa kazi yanila. Mpaka Athumani alipopiga picha akazitia kwenye simu, watu wakazipenda, na maombi yakaanza kuingia. Zamani mteja alikuja mwenyewe, akaniamkia, akaiona kazi ilipofika, akaenda zake. Hawa wa simu hawaoni kitu. "Liko tayari?" Salamu hakuna. Asubuhi, "Liko tayari?" Nikitia udhu, simu yalia. Nikakubali yote, kwa kuwa sikufundishwa kukataa kazi. Magitaa yaliyotiwa nyuzi yakajaa sebuleni, kila ukuta, nami nimekaa katikati nayasikiliza yote pamoja.

Hapo ndipo masikio yalipoanza kunigeuka. Bati likipoa jioni, ta! Moyo waruka. Mlango wa jirani, moyo waruka. Nasimama kuswali, nasikia mlio, nasahau nimefika rakaa gani. Nikiwa upande wa pili wa feri naona moshi wowote ule, nasema mbao zimeshika. Nilikuwa nikirudi nusu ya safari kutazama moto. Naukuta mdogo, mtulivu, wanitazama.

Dada yangu akasema nimepigwa jicho. Nikasomewa. Kisomo kilinituliza, alhamdulillahi, ila nilipoinuka hofu ilikuwa imekaa pale pale ikinisubiri. Nikaenda zahanati. Nesi akanifunga mkono kile kitambaa chao cha presha, akakunja uso.

"Bibi, unapumzika?"

"Nalala vizuri."

"Sikuuliza kulala."

Nikajifungua kitambaa chao, nikashukuru, nikarudi motoni.

Nikajikaza, nikamaliza magitaa yale yote isipokuwa moja, la Mwalimu wa Kwaya wa kule Kisauni, mtu wa bara aliyezoea pwani, mcheshi. La kwake lilikuwa limefika mahali pabaya. Uso ulikuwa mezani, mataruma yameshashika, bado kuugundisha juu ya mbavu na kulifunga sanduku. Uso ukifika hapo hausubiri. Lazima ufungwe hewa ikiwa kavu. Masika ikiukuta wazi, upande mmoja wanywa maji kuliko wa pili, wajikunja, na mtu hawezi kuunyoosha tena. Na masika ilikuwa yaja. Mawingu yalishaanza kukaa juu ya bahari.

Asubuhi moja nikachukua ufunguo, nikafika mlangoni, nikashika kufuli. Mkono ukakataa. Haukuuma, wala haukutetemeka. Ulipoa tu, ukawa kama wa mtu mwingine. Harufu ya gundi ikanijia kwenye ufa wa mlango. Jasho likanitoka nimesimama kivulini. Nikarudi ndani, nikamwambia Mwanasiti nimesahau miwani. Nilikuwa nimeivaa. Akaiona, akatazama chini.

Kesho yake nikasema jua kali. Keshokutwa nikasema kichwa. Kila asubuhi naamka na kusudio, nafika kwenye kufuli, narudi. Nilijua ninachokipoteza. Kama sitaufungua mlango ule kabla ya mvua, gitaa la watu litaharibika, na baada ya hilo sitafungua tena kwa lingine lolote, na zile mbao za uchagani zitabaki na mlinzi asiye fundi. Wallahi niliogopa. Niliogopa kuingia na niliogopa kutoingia.

Mwalimu wa Kwaya akaja na tikiti maji kubwa kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Gitaa letu li hali gani?"

"Laendelea."

"Afadhali, kwa maana wanakwaya wananicheka. Wasema gitaa langu ni kama daraja la Likoni, kila mwaka lasemwa, halivukwi. Wataka nimwendee yule fundi wa magitaa wa Ziwa la Ng'ombe."

Nikacheka kwa mdomo. Akaenda zake kwa furaha, na mimi nikabaki na tikiti mapajani kama mtoto wa mtu niliyeachiwa.

Mvua ikaja. Ilianza asubuhi, nzito, bati lote lalia, nami nikakaa jikoni nautazama moto, najua kule mezani uso waanza kunywa. Baada ya muda nikatambua kuwa sisikii watoto. Wajukuu zangu ni wawili, Rehema na mdogo wake Juma, na siku ya mvua watoto huwa ndani miguuni mwa watu. Nikatoka nyuma kuwatafuta. Niliwakuta wamechutama ukutani mwa banda la kuku, chini ya kipande cha bati kisichotosha hata kuku, maji yawachirizika mgongoni, wakila krisps za muhogo kutoka kwenye mfuko mmoja.

"Nyinyi! Ndani kuna nyoka?"

"Abee, bibi. Hapana, bibi."

"Basi mwanyeshewa kwa nini?"

Juma akamtazama dadake. Rehema akasema, "Twala krisps."

"Krisps haziliwi ndani?"

"Zalia, bibi. Zikilia wewe washtuka, waweka mkono hapa." Akajishika kifua vile vile ninavyojishika mimi. "Mama alisema tule nje usije ukafa."

Nikageuka. Mwanasiti alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Siku nyingi, mama."

"Na maziwa yao wayachemshia wapi? Sijaona maziwa hapa."

"Kwa jirani, mama. Hufurika. Hayataki kifuniko."

Sikumgombeza. Miaka yote ile nilidhani nyumba yangu ni tulivu kwa sababu ina adabu. Kumbe nyumba nzima ilikuwa imetundikwa kama gitaa jipya, yangoja nani atapasuka mwanzo.

Nikachukua ufunguo nikaenda karakana na mvua ile ile. Mkono ulipoa, nikafungua hivyo hivyo. Nikauinua uso wa gitaa la Mwalimu kwa vidole viwili, nikagonga. Ulilia wote, kila upande, mzuri kuliko nyuso nyingi nilizopata kukata. Hapo nikaogopa kuliko siku zote. Kama ungekuwa umekufa, ningesema masikio yamezeeka. Masikio yalikuwa mazima. Mikono ilikuwa mizima. Mimi ndiye niliyekuwa sitaki tena, na hapakuwa na mtu wala kitu cha kukisingizia. Nikaufunika kwa blanketi juu na chini, usinywe zaidi, nikampigia Mwalimu.

"Limekwisha, mama?"

"Halikwisha na sitalimaliza. Njoo na gari, na uje na yule fundi wa Ziwa la Ng'ombe uliyenisimulia."

Wakaja mvua ilipokatika. Yule fundi ni mtu mzima wa makamo, atengeneza magitaa, na ana chumba cha kukaushia kwa taa, kina mlango wake, na humo mtu hali wala halali. Nilimwuliza juu ya chumba hicho maswali mengi mpaka akaanza kutoa jasho. Kisha nikampa uso akaugonga, na uso wake mwenyewe ukabadilika. Nikajua ameusikia.

"Sasa Jumapili nitapiga nini?" Mwalimu akauliza.

"Pigeni makofi. Huyu atalifunga lako wiki hii, nimeshamwambia."

Tukateremsha mbao za uchagani. Yule fundi alichukua ubao mmoja wa mwerezi, mweusi kwa moshi, akauparua kwa ukucha, ndani ukatoka mwekundu.

"Bibi, huu wa lini?"

"Huo mkubwa wako. Uamkie kwanza."

Akadhani natania. Nilipokuwa bado namtazama akauinamia ubao, akasema shikamoo, polepole, na Mwalimu akageuka kando asicheke. Nikamwambia, "Hizi si zangu na sasa si zako. Ni amana ya Fundi Mkuu. Mimi naipokeza, siitupi. Utoapo, tia nyingine mahali pake." Akaahidi. Nikaitazama sura yake wakati anaahidi, na nikamwonea huruma.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hapakuwa na hotuba wala keki. Mwaniuliza kama hofu ilikwenda na gari. Haikwenda. Bati likipoa bado naruka, na nikivuka feri bado macho yatafuta moshi upande wetu. Ila sasa nikiutafuta najua hakuna kitu changu kitakachoungua, na moyo warudi chini upesi kuliko zamani.

Neno langu kwenu ni hili, na msilipambe. Kazi ya mikono haikuambii kuwa imekuchosha. Mikono yaendelea tu, yajua njia. Atakayejua wa kwanza ni anayeishi nawe, naye hatakuambia kwa sababu amejifunza kukuogopa. Basi waulizeni watu wa nyumbani kwenu, na mkijibiwa msikasirike. Na anayewakabidhi umri wake wote juu ya kichwa chenu, mwambieni mapema mtaushika mpaka lini. Mimi sikumwambia.

Siku ile gari lilipopinda kona na mbao zile, nilirudi jikoni. Uchaga ulikuwa mtupu, fito nyeusi tupu, na moto wangu mdogo chini yake wawaka kwa mazoea. Mwanasiti akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya siku zote, apike nini. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikawaambia wote wanisikie:

"Tieni kuni, moto upande. Leteni kikaango. Maziwa ya watoto yachemshwe hapa hapa, sufuria wazi, na yakitaka kufurika yafurike. Na nyinyi wawili, Rehema, Juma, tokeni huko bandani. Ingieni ndani na krisps zenu, mkae hapa karibu yangu, mtafune nisikie."